Loga Kwenye Kipindi cha Lyse

Asubuhi ya boti za Ilagala, mwalo wa Kibirizi, bandari ndogo ya ziwani, huwa hauna adabu. Wabeba mizigo wanapiga mayowe, magunia ya dagaa yanapita juu ya vichwa vya watu, na siku hiyo abiria wawili walikuwa wakigombea kiti kimoja, kila mmoja na tiketi yake halali. Lyse, mkata tiketi, alisimama dirishani ndani ya gauni la kitenge cha njano, akimtafuta mtu wa kumlaumu. Akamwona kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri, kompyuta kwapani.

“Wewe ndiye uliyetengeneza huu mfumo wa tiketi?”

“Ndiye mimi, dada. Naitwa Leodgar.”

“Basi ingia humu, sha, ndugu yangu, uwaeleze watu mwenyewe.”

Aliingia, akajieleza mpaka shati likalowa. Kumbukumbu za kila anayekata tiketi, ambazo mafundi huziita kipindi, zilitakiwa kuhifadhiwa kwenye diski kila mara. Zilikuwa zinagoma. Umeme ukikatika, seva, kompyuta kuu iliyoko mtaa wa Rusimbi, inazimika, na ikiwaka imekwisha kuwasahau abiria, nafasi zao zinauzwa upya. Sababu hakuijua.

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Fundi gani huyo anayekagua mfumo kwa kula samaki wa migebuka na mkata tiketi? Simu nazo zikaanza.

“Umekula, laazizi?” Leodgar aliuliza.

“Kwani nilikuwa nakusubiri wewe ndo nile?”

Wakacheka wote wawili, na mwalo mzima ukajua. Kisha Leodgar akapata uhodari wa kutania.

“Leo umefungua picha yangu ya fundi kwenye mfumo tena na tena. Si ungesema tu nikuletee sura yenyewe.”

Lyse hakucheka. “Umejuaje?”

Masikini, akajibu kwa fahari kwamba kila mtumiaji amemwekea loga, yaani sehemu ya programu inayoandika kila anachobonyeza.

“Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Leodgar. Tuliandikwa tukipokea unga, tukiugua, tukitoka getini. Nilidhani kwako siandikwi.”

Akakata simu, na hakupokea tena. Leodgar aliumia kweli. Alimpenda yule binti, na alijua kwamba asiporudisha imani yake amemkosa moja kwa moja. Akafungua programu aing’oe hiyo loga, na hapo akajishika kichwa. Aliiweka ndani ya kipindi cha kila mtumiaji, Lyse na abiria sawia! Kipindi ili kihifadhiwe sharti kikunjwe, kama nguo zinavyokunjwa ziingie sandukuni, na loga imeshikamana na faili lililo wazi, haikunjiki. Seva ilipoikuta humo ilikataa sanduku zima. Tamaa yake ya kujua kila mtu anafanya nini ndiyo iliyowanyima abiria viti vyao.

Akaitoa. Kipindi kikabaki na mambo ya mteja tu, loga ikakaa nje, kwenye seva, iitwe pale inapohitajika, na iandike hitilafu za mfumo, si siri za watu.

Siku ya boti akatokea Kibirizi, foleni imejaa, akampigia mwenzake Thobias aliyekuwa Rusimbi azime seva makusudi. Skrini ya Lyse ikawa nyeupe. Abiria wakaguna. Seva ikawashwa tena, na kila nafasi ikarudi ikiwa na mwenyewe.

Lyse hakuinua macho. “Umetengeneza mfumo. Hongera.”

“Nimefuta yote yaliyoandikwa juu yako. Sasa sijui unawaza nini, wala sitachungulia tena. Nikitaka kujua nitakuuliza.”

“Uliza basi.”

Foleni ikasogea kusikiliza. Leodgar akainama dirishani.

“Lyse, unanipenda?”

Lyse akamhudumia kwanza aliyekuwa mbele, polepole, makusudi kabisa. Bibi mmoja mwenye tenga la kuku akamsihi amjibu mwenzake, boti isije ikawaacha. Lyse akashindwa kujizuia, akacheka huku machozi yakimlenga.

“Nakupenda. Na Jumapili utakwenda Ilagala kumwamkia baba. Yeye naye ana maswali.”

Leodgar akaomba tiketi ya Jumapili. Lyse akakata mbili, viti vya pamoja.