Mashine Iliyokosa Pumzi

Tunu anaishi nchi ya baridi. Nje kuna theluji. Theluji juu ya paa, theluji juu ya gari, theluji hadi kiunoni mwa Tunu.

Tunu anamjua Bibi kwa sauti tu. Sauti ya Bibi inakaa ndani ya simu. Mapaja ya Bibi hayakai ndani ya simu.

Leo Bibi amekuja! Ametoka Muheza. Amepanda ndege, amepanda treni. Sasa amekaa kituoni na begi lake, anasubiri.

Lakini gari la Baba haliwezi kutoka. Njia imejaa theluji.

Bibi yuko karibu. Na Bibi yuko mbali.

Baba akatoa mashine ya kurusha theluji. Akavuta kamba.

Tu-tu-tu-tu! Mashine ikanguruma vizuri.

Akaisukuma kwenye theluji.

Tu-tu... tu... pwii. Kimya.

"Imechoka?" Tunu akauliza.

"Itachokaje? Haijafanya kazi!"

Baba akasafisha plagi. Akavuta kamba. Akasukuma.

Tu-tu... tu... pwii. Kimya.

Akaongeza petroli. Akafunga kifuniko kwa nguvu, hadi akakunja uso. Akavuta. Akasukuma.

Tu-tu... tu... pwii. Kimya.

Tunu akatazama njia. Nyeupe yote. Bibi yuko karibu. Na Bibi yuko mbali.

Simu ikalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Baba yako yuko wapi? Nimekaa hapa mpaka benchi limenizoea."

"Mashine inazima, Bibi. Ikisimama tu, inanguruma. Ikigusa theluji, inazima."

"Aa! Kama mashine yangu ya kusaga. Bila mahindi inaimba. Ukiipa mahindi, inazima. Hebu niwekee simu hapo nisikie."

Tunu akasogeza simu. Baba akavuta kamba, akasukuma.

Tu-tu... tu... pwii.

"Hiyo ina kiu," Bibi akasema. "Mbwana mwanangu! Tangi umelifunga na nini?"

"Na kifuniko, Mama."

"Na nini tena?"

Baba akakuna kichwa. "Na nailoni. Nimeiweka chini ya kifuniko, petroli isivuje."

"Nani kakufundisha?"

"Wewe, Mama. Kwenye dumu la mafuta ya taa."

"Dumu halifanyi kazi!" Bibi akafoka. "Dumu limekaa tu, kama wewe ulivyokaa sasa. Tunu! Bana pumzi, ukimbie."

Tunu akabana pumzi. Akakimbia hatua moja, mbili, tatu... Pwii! Akakaa kwenye theluji.

"Umeona?" Bibi akasema. "Hewa isipoingia tangini, petroli haishuki. Mashine ikisimama, inakunywa kidogo. Ikifanya kazi, inakunywa sana, na hakuna kitu."

Baba akafungua kifuniko. Akatoa nailoni. Tunu akaona tundu la hewa kwenye kifuniko, dogo kama jicho la sisimizi.

Baba akafunga tena, bila nailoni. Akavuta kamba.

Tu-tu-tu-tu!

Akasukuma. Tunu akabana pumzi tena.

Tu-tu-tu-tu! Theluji ikaruka. Fyuuu! Fyuuu! Njia ikaonekana.

Kituoni, Bibi alikuwa amevaa koti, na khanga juu ya koti. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

Tunu akamkumbatia. Hakutaka kumwachia.

"Usilie," Bibi akasema. "Machozi yataganda, tuanze kutafuta mashine nyingine."

Lakini na yeye hakumwachia Tunu.

Usiku Tunu akalala juu ya mapaja ya Bibi. Mapaja yalimtosha. Khanga ilinukia karafuu. Simu haikunukia hivyo hata siku moja.

"Bibi, uko karibu?"

"Niko hapa. Lala."

Tunu akafumba macho. Bibi akafumba macho. Kisha Bibi akaanza kukoroma.

Tu-tu-tu-tu. Tu-tu-tu-tu.

Hakuzima mpaka asubuhi.