Mstari Mwekundu wa Meli ya Bembea

Kila asubuhi Raudha alikuwa wa kwanza kuamka katika nyumba yao ya Mbagala. Alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akamwogesha mdogo wake Badru huku mama yao, Bi Mwanaheri, akipika vitumbua vya kuuza barazani. Raudha alikuwa na miaka kumi na miwili, Badru sita. Baba yao alifanya kazi Tanga, hivyo dada mtu ndiye aliyekuwa mlezi wa mdogo wake kila walikokwenda.

Siku ya Idd pili kazi zilikwisha mapema. Mama aliwavika nguo mpya, na Badru akapata viatu vya mtumba vilivyokuwa vikubwa kidogo kwa miguu yake.

"Nendeni mkafurahi," mama aliwaambia. "Mrudi kabla ya magharibi."

Walikwenda Temeke, kwenye uwanja wa wazi uliojaa wauza mishikaki, kaseti za taarabu na bembea za kila namna. Lakini watoto wengi walikuwa wamesimama mbele ya kitu kimoja tu: meli ya mbao iliyopakwa rangi ya buluu, imening'inia kwenye nguzo nne za chuma. Jenereta iliponguruma, meli ilikwenda mbele na kurudi nyuma, mwanzo taratibu, kisha ikapanda juu hadi wenye roho nyepesi wakafumba macho.

Mwendeshaji wake alikuwa kijana mpole aitwaye Nikodemu. Pembeni pa ngazi palikuwa na mti uliochorwa mstari mwekundu. Mtoto asiyeufikia hakuruhusiwa kupanda. Badru aliposimama pale, utosi wake ulibaki chini ya mstari.

"Bado, mdogo wangu," Nikodemu alimwambia. "Utapanda mwakani."

Badru alilia hadi akapaliwa. Raudha alimhurumia, na yeye mwenyewe alitamani sana kupanda. Akamvuta hadi nyuma ya kibanda cha soda, akachana kitambaa kikuukuu alichokuwa amefungia vitumbua vyao, akakikunjakunja na kukishindilia ndani ya viatu, chini ya visigino.

"Simama wima," alimnong'oneza. "Na usiseme kitu."

Waliporudi, watu walikuwa wakisukumana ngazini. Nikodemu alitupa jicho, akaona kichwa kimegusa mstari, akawapitisha bila kumkumbuka Badru.

Badru aliketi katikati ya Raudha na mama mmoja aliyevaa kitenge cha kijani, aitwaye Kokushubila, fundi cherehani wa Mtoni. Chuma cha kuwazuia kiliteremshwa mapajani mwao. Kwa Raudha kilibana vizuri. Kwa Badru kilibaki juu, na kati ya chuma na miguu yake palikuwa na nafasi.

Meli ilipopanda mara ya kwanza, Badru alicheka. Ilipopanda juu zaidi na kuanza kushuka, Raudha alimwona mdogo wake akiteleza kutoka kwenye benchi. Miguu ilipita chini ya chuma, kisha kiuno. Alimdaka shati, vifungo vikakatika. Kokushubila akamzungushia mtoto mkono mmoja kifuani, na wa pili akaukaza kwenye chuma.

"Simamisha!" alisema kwa sauti nzito.

Nikodemu alivuta breki, lakini chombo kile hakikuweza kusimama mara moja. Kilikwenda na kurudi, na kila kilipopanda, Kokushubila aliuma meno asimwachie mtoto. Kiliposimama, Badru alikuwa mzima, akitetemeka tu. Kifundo cha mkono wa kulia wa Kokushubila kilikuwa kimeteguka na kuanza kuvimba.

Watu walimzunguka Nikodemu wakimlaumu. Mwenye meli, Bwana Revelian, alifika akihema.

"Kazi yako ni kupima watoto tu, na hata hiyo imekushinda," alimwambia. "Kesho usije."

Nikodemu aliinamisha kichwa. Hakujua aliteleza wapi.

Raudha alijua. Na zaidi ya Badru, hakuna mwingine aliyejua. Angeweza kumchukua mdogo wake na kuondoka, na habari ingeishia pale. Alimtazama Nikodemu akivua kofia ya kazi, akaona hawezi. Akapiga magoti, akamvua Badru viatu, akatoa vile vitambaa mbele ya watu wote.

"Kaka huyu hana kosa," alisema. "Alitukataza. Mie ndiye niliyemdanganya."

Bwana Revelian aliviangalia vitambaa, kisha akamrudishia Nikodemu kofia yake.

"Nisamehe," alimwambia kijana. "Nimehukumu kabla ya kuuliza."

Nyumbani Raudha alimweleza mama yote. Bi Mwanaheri alimpakata Badru kwa muda mrefu. Kesho yake walipeleka sinia ya pilau hadi Mtoni. Walimkuta Kokushubila amefungwa bendeji, na sare za shule alizoahidi kushona zimelala mezani.

"Shikamoo, mama," Raudha alisema. "Nimekuja kukusaidia, hadi mkono upone."

Tangu siku hiyo, kila alipotoka shule, Raudha alizungusha gurudumu la cherehani ya mkono, na Kokushubila akakiongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto. Mwanzo mshono ulikwenda upogo, wakafumua, wakarudia. Sare zikamalizika.

Bendeji ilipofunguliwa, Raudha alimshika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Mama, bila mkono huu nisingekuwa na mdogo," alisema. "Sijui nikushukuru vipi."

"Umekwisha kunishukuru," Kokushubila alijibu. "Ila ukumbuke, mwanangu. Ule mstari haukuchorwa kumnyima Badru raha. Ulichorwa na mtu aliyempenda mtoto asiyemjua. Ukiudanganya, unamdanganya anayekulinda. Na ukikosea, sema mapema, kama ulivyosema siku ile, asije mwingine akabeba mzigo wako."

"Nimesikia, mama."

"Haya, mwite Badru aje. Nataka nimshonee vifungo vya shati lake."