Kilio cha Noela Pangoni

Aliyenisimulia haya ni Theodora, rafiki yangu wa kazini, na si mtu wa kutia chumvi. Desemba iliyopita, yeye na mumewe Jovin walipandisha gari hadi Kilema kuona mapango ya zamani. Mtoto wao Noela alikuwa mgongoni kwa mama yake, amefungwa kwa kanga.

Ndani kulikuwa na giza zito na maji yakidondoka. Mwenyeji wao, Mzee Eliakim, alitangulia na tochi, Jovin akafuata, Theodora akawa nyuma kabisa.

"Wakati wa vita wazee wetu walijificha humu na watoto," mzee alisema. "Mmoja akilia, mmekwisha wote."

Hapo hapo Noela akaangua kilio, kikajaa pango zima. Mara kikakatika.

"Afadhali amelala," Theodora akanong'ona.

Walipotoka juani, Jovin akageuka, akamtazama Noela mgongoni kwa mama yake. "Mama Noela, nani kamziba mtoto mdomo?"

Theodora akatazama mikono ya mzee, ya mumewe, kisha yake. Yote ilikuwa mikavu. Noela alikuwa macho, kimya, na usoni pake, kutoka shavu hadi shavu, kulikuwa na alama ya kiganja cha udongo, bado mbichi.