Uso wa Yule Askari

Haya yalimpata rafiki yangu Amissi, mkamuaji wa mawese pale Rumonge, mwanzoni mwa 1972. Gari la sinema lilifika mtaani, na mkewe Sharifa akaazimisha shuka lao la harusi litundikwe kuonyeshea picha. Kwa desturi yao wanaume walikaa mbele ya shuka na wanawake nyuma yake. Picha ilionekana pande zote mbili.

Ilikuwa sinema ya askari walioasi. Kiongozi wao alisimama na bunduki ndefu, akiwa amewageuzia watu mgongo tangu mwanzo hadi mwisho. Bunduki zilipolia gizani, mbwa wote wa mtaa walinyamaza.

Nyumbani Sharifa akasema, "Yule mukubwa wao iko muzuri, walahi! Na ile kovu yake hapa ku kidevu."

"Kidevu gani? Hakugeuka hata mara moja."

"Upande wetu aligeuka. Aliniangalia mimi tu."

Wivu ulimla Amissi mpaka kukakucha. Akaenda kulichukua shuka, akiapa atalichana. Upande wa wanaume lilikuwa safi. Upande wa wanawake lilikuwa na alama ya vidole vitano, kama vya mtu aliyelishika ili atoke. Akanusa. Mawese anayajua, ni mekundu. Haya yalikuwa mafuta ya bunduki, meusi, bado mabichi.

Akarudi mbio. Sharifa alikuwa ameinama anapuliza moto, amempa mgongo, na kwenye bega la kitenge chake ilikuwepo alama nyeusi ya vidole vile vile vitano.