Fundi wa Paa na Shati la Maua

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kidosho alifagia ua, akakoka moto, kisha akampelekea baba yake chai barazani. Baba alikuwa fundi wa kuezeka mapaa ya bati. Alimeza kidonge chake kwa chai hiyo, akafanya mzaha, na mama akacheka hadi akashika mbavu.

Mizaha hiyo ilikuwa imerudi nyumbani karibuni tu. Mwaka uliopita baba aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, usingizi ukampaa, na siku moja akashuka kutoka juu ya paa akidai kuwa misumari inamsengenya. Hospitalini alipewa vidonge, na kidogo kidogo akawa baba yule yule wa zamani.

Kiangazi kilipoingia, uso na mikono yake vikatoka mabaka mekundu. Ngozi ilimwasha, ikaanza kuchubuka. Majirani hawakukosa la kusema: huyu alilaumu sabuni, yule alilaumu kijicho cha watu. Baba mwenyewe alisema anaiva kama nyanya, muda si mrefu atachumwa.

Lakini asubuhi moja Kidosho alimwona akikitia kidonge mfukoni badala ya kinywani.

"Usimwambie mama yako," baba alimwomba kwa sauti ya chini. "Dawa hii ndiyo inayonichubua. Nami nimeshapona."

Kidosho aliitikia, maana baba ni baba. Hata hivyo, siri ile ilimkaa kifuani kama jiwe. Darasani aliulizwa swali la hesabu, akajibu jina la mto. Wenzake walicheka, yeye hakucheka. Haikupita wiki, baba akaanza kuzunguka uani akiuliza nani anamwita. Hakuna aliyemwita.

Kidosho hakungoja zaidi. Alimfuata mama jikoni, akamweleza yote huku machozi yakimtiririka. Mama aliketi karibu na baba, akamwambia kwa upole kuwa mtoto amesema kwa sababu anampenda. Baba akaomba asindikizwe hospitali.

Walikwenda wote watatu. Daktari alimtaka baba avue shati. Kumbe kifua na mgongo vilikuwa laini. Mabaka yalianzia pale pale mikono ya shati ilipoishia. Daktari alipoambiwa kazi ya baba, alielewa. Dawa ile ilimtuliza akili, lakini iliifanya ngozi yake isistahimili jua, na bati jipya humrudishia mtu mwanga kama kioo.

"Kuwashwa si kosa lako, fundi," alisema. "Kosa ni kukaa kimya. Dawa ya akili haiachwi ghafla. Ikikusumbua, njoo tuibadilishe. Na ukipata homa, vidonda mdomoni au uvimbe usoni, kimbia hospitali saa hiyo hiyo."

Alimbadilishia dawa, akampa mafuta ya kupaka, akamwagiza avae kofia pana na shati la mikono mirefu, na aepuke jua la mchana. Mama alishona shati siku hiyo hiyo. Kitambaa alichokuwa nacho kilikuwa kipande cha pazia chenye maua makubwa ya zambarau.

Baada ya wiki kadhaa sauti zilinyamaza na ngozi ikatulia. Jumamosi moja Kidosho na mama walimpelekea baba chakula kazini. Mafundi wenzake walikuwa wakimwita bibi harusi, naye, badala ya kukasirika, aliteremka ngazi kwa madaha huku ameshika pindo la shati. Kicheko kilipoisha, fundi mmoja alimsogelea mama akamuuliza kama pazia limebaki, maana hata yeye jua lilikuwa likimwunguza.

Baba alimketisha Kidosho kivulini.

"Mwanangu, nilikutwika mzigo usio wako," alisema. "Zipo siri za kutunza, kama ile zawadi tutakayompa mama yako. Lakini siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata akikuomba baba yako. Iseme kwa mkubwa unayemwamini. Na maradhi yasitutie haya. Tukiyaficha ndipo yanapotushinda."

"Zawadi gani?" mama aliuliza kutoka nyuma yao.

Baba alivuta kofia ikamfunika macho, akaharakisha kupanda ngazi.