Konzi Kumi na Tano

Ruati alikuwa na mazoea ya kuzungumza na Mungu huku akifanya mambo mengine. Alisema naye akifunga kamba za viatu, akipiga mswaki, na zaidi ya yote akiwa golini akisubiri mpira wa kona. Hakufumba macho, kwa sababu kipa akifumba macho amekwisha. "Mungu, huyu namba tisa ana mbio, niangalizie upande wa kushoto," alisema kimoyomoyo. Na kwa kuwa mara nyingi mpira uliishia mikononi mwake, alikuwa na hakika kwamba wanaelewana vizuri.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina lake kamili lilikuwa Lalremruati, lakini pale mtaani Vengthar, katika mji wa milimani wa Champhai, kila mtu alimwita Ruati. Baba na mama walishuka bondeni alfajiri kwenda kwenye mashamba ya mpunga, na bibi yake alikuwa na kitambaa chake cha kufuma barazani. Kupika, asubuhi na jioni, ilikuwa kazi ya Ruati.

Kazi hiyo ilikuja na nyingine ndogo ambayo kila jiko la Vengthar linaijua. Kabla ya kuosha mchele, mpishi huchota konzi moja, ujazo wa kiganja, na kuitia kwenye kopo la kanisa. Asubuhi konzi, jioni konzi. Jumamosi akina mama hupita nyumba kwa nyumba wakikusanya, na mchele huo huuzwa kwa kazi za kanisa. Bibi alipenda kusema kwamba paa la kanisa lao lilijengwa kwa mchele, na hakuwa akitania.

Lakini tangu Ruati achaguliwe kuwa kipa wa kwanza wa timu ya wasichana, asubuhi zake zilikuwa fupi. Kocha Rema alimtaka adake mashuti ishirini kila siku kabla ya shule. Alirudi mbio, akapika mbio, akala mbio. Konzi aliisahau mara moja, akaisahau tena, halafu akapata hesabu iliyompendeza sana.

"Siku saba, mara mbili kwa siku, ni kumi na nne," alimweleza rafiki yake Zodini, beki wa timu. "Jumamosi nachota zote kwa mpigo, halafu naongeza moja juu. Mungu anapata kumi na tano, mimi napata nafasi. Nani amepunjika hapo?"

"We una maneno utafikiri wakili," Zodini alisema. "Siku ukikamatwa usinitaje."

Hakukamatwa. Kwa miezi miwili kopo lake lilikutwa limejaa pomoni, na Mama Biakveli, kiongozi wa akina mama, akamsifu mbele ya watoto wote wa Shule ya Jumapili. Ruati aliinamisha kichwa kama mnyenyekevu. Moyoni alijiona mjanja, na hilo lilimfurahisha kuliko sifa zenyewe.

Ikafika Jumamosi ya mechi. Timu ya kijiji cha ng'ambo ya bonde ilikuwa inakuja, na mtaa uliamua kuwapikia wageni baada ya mchezo. Akina mama walipita mapema kuliko kawaida, wakachukua mchele wa nyumba za mwanzo ili uende moja kwa moja kwenye sufuria.

"Hodi! Mchele!" Mama Biakveli aliita mlangoni.

Ruati alikuwa amevaa kiatu kimoja. Kopo lilikuwa tupu. "Nakuja, mama!" alijibu, akarukaruka kwa mguu mmoja hadi nyuma ya mlango palipokuwa na magunia mawili. Alitumbukiza mkono kwenye lililokuwa karibu na kuchota kumi na tano harakaharaka. Hakuangalia. Gunia lile lilikuwa la mchele wa kunata, ambao Bibi aliuweka kwa ajili ya mikate ya Krismasi.

Mechi ilikuwa yao. Walishinda bao moja kwa bila, na dakika za mwisho Ruati aliruka akautoa mpira uliokuwa unaingia kabisa, kwa ncha za vidole. Wenzake walimrukia wote wakaanguka matopeni. "Umeona, Mungu?" alisema akiwa chini ya rundo la watu. "Umeuona huo?"

Wakapanda pamoja na wageni hadi ukumbi wa kanisa, njaa inawauma. Kulikuwa na nyama ya nguruwe na majani ya haradali, na harufu yake ilifika hadi barabarani. Mama Biakveli akafunua sufuria ya wali, akachomeka upawa. Upawa ukaingia. Kutoka, ukakataa.

"Huu ni wali au gundi?" Kocha Rema aliuliza. "Leteni ule mpira uliotoboka tuuzibe!"

Wasichana waliangua kicheko. Hata wageni, waliokuwa na adabu zao, walicheka wakakatiwa wali vipande vipande. Ruati alicheka kuliko wote, mpaka alipokwenda bombani kuosha glavu zake na kumsikia Mama Biakveli akinong'ona na mwenzake dirishani.

"Ni mchele wa kunata umechanganywa. Mtaani hapa unalimwa na nyumba mbili tu. Kwa Ruati haiwezekani, yule mtoto hajawahi kukosea. Ni Bibi Hmingthani. Macho yamekwisha, masikini. Kuanzia wiki ijayo tusipite tena kwake, apumzike."

Glavu zilimtoka Ruati mikononi.

Bibi Hmingthani alikuwa mjane wa miaka themanini na ushei. Kwaya aliiacha sauti ilipokauka. Ibada za jioni aliziacha magoti yalipokataa mteremko. Siku moja alimwambia Ruati, "Miguu imeacha kwenda kanisani, mwanangu, lakini mkono bado unakwenda." Alikuwa anaizungumzia konzi yake. Na leo, kwa kuwa vijana walimsaidia kupanda, alikuwa ameketi palepale kwenye benchi na kikombe cha chai, akifurahia kelele za vijana, hana habari.

"Mungu," Ruati alisema kimoyomoyo, "unaonaje nikimweleza Mama Biakveli wiki ijayo, mambo yakishapoa?"

Kimya.

"Au nimwambie Bibi wa nyumbani, yeye ndiye aseme?"

Kimya. Ilikuwa mara ya kwanza Mungu kumnyamazia hivyo, au labda ilikuwa mara ya kwanza Ruati kusubiri jibu. Aliogopa kuliko siku yoyote ya penalti. Akaziacha glavu bombani, akaingia ukumbini.

"Mama Biakveli, si Bibi Hmingthani aliyechanganya mchele, msiache kupita kwake," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Ni mimi. Nilichota kwenye gunia silo."

"Haidhuru, mwanangu, bahati mbaya tu hiyo."

"Si bahati mbaya. Kopo lilikuwa tupu. Huwa linakuwa tupu wiki nzima, nalijaza Jumamosi mkibisha hodi. Leo nilikuwa na haraka."

Zodini alitazama dari. Mama Biakveli aliweka upawa chini polepole. "Kwa hiyo makopo yote yale niliyokusifia mbele ya watoto?"

"Ya Jumamosi, mama. Yote."

Bibi Hmingthani akaingilia. "Ngojeni kwanza. Mlitaka kunikatia konzi yangu mimi?" Akasimama kwa mkongojo. "Leteni mchele uliobaki! Leteni na wa kunata kutoka kwangu!"

Wakaleta, mbiombio. Bibi Hmingthani alitumbukiza mkono kwenye bakuli moja, akausugua mchele kwa kidole gumba. "Wa kawaida." Akaingiza kwenye la pili. "Wa kunata. Punje nene, fupi. Miaka sitini mkono huu unashika mchele, macho ya nini?"

"Tusamehe, Bibi," Mama Biakveli alisema, uso umemwiva kwa aibu.

"Nitawasamehe. Njoo hapa, kipa."

Ruati alisogea. Bibi alimshika viganja akavipapasa, kama alivyopapasa mchele. "Kocha wako amekwambia udake mashuti mangapi kwa siku?"

"Ishirini."

"Basi si ulale wiki nzima, halafu Jumamosi udake mia moja na arobaini? Ongeza na moja ya juu."

Wasichana wakacheka. Ruati hakuweza kujizuia, akacheka kidogo pia. "Haiwezekani, Bibi. Mikono haitajua kitu."

"Eh! Na konzi ni hivyohivyo. Mungu hana njaa ya mchele wetu. Konzi inafundisha mkono. Una njaa, sufuria iko mbele yako, na kabla hujajifikiria wewe, mkono unamkumbuka mwingine. Leo, kesho, kila siku, mpaka unazoea. Hizo kumi na tano zako zilikuwa mchele tu." Akamwachia mikono. "Lakini umesema kweli mbele za watu na hukulazimishwa. Huo nao ni mwanzo. Sasa kaoshe ile sufuria."

Sufuria ile ilimchukua saa nzima, kwa majivu na maji ya moto.

Jumamosi iliyofuata Mama Biakveli alibisha hodi kama kawaida. Ruati alimpa kopo. Halikujaa.

"Kumi na tatu, mama. Jumatano jioni nilisahau."

Mama Biakveli alimtazama, akatazama nyuma ya mlango. "Gunia si lile pale? Chota moja utimize."

Ruati aliufikiria mkono wa Bibi Hmingthani. "Hapana, mama," alisema. "Chukua hizo hizo. Zilizokuwepo ni kumi na tatu."

Mama Biakveli akazimimina, akampigapiga begani, akashuka kuelekea nyumba ya chini, ambako Bibi Hmingthani alikuwa amekwisha kaa kizingitini na kopo lake mapajani.