Mwanaume wa Miaka Kumi na Minne

Nakutegea, nawe tegua. Ana miguu miwili ya mviringo, hali nyasi wala ugali. Akisimama peke yake huanguka, akikimbia haanguki. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Eldoret? Asante, nimeupokea. Jibu ni baiskeli. Na kwa kuwa mji sasa ni wangu, nitakusimulia habari ya baiskeli moja ya huko, zamani za wazungu wa mashamba.

Asubuhi za siku zile zilikuwa na baridi tamu. Ukungu ulilala juu ya mto Sosiani, na moshi wa kuni ulipanda kutoka kambi ya kiwanda kilichosaga magome ya miti ya kutengenezea ngozi. Hapo waliishi Nabwire na mumewe Wanyonyi, waliotoka upande wa Bungoma kutafuta kazi. Mwana wao Khisa alikuwa ametahiriwa Agosti iliyopita. Tangu hapo alikaa kama baba yake, akikohoa kidogo kabla ya kusema.

"Mama, mwanaume haitwi kwa kelele," alisema.

"Haya, mwanaume, uji unapoa," Nabwire alimjibu.

Jumamosi moja Khisa hakurudi. Askari walikuwa wamemshika karibu na daraja. Alikuwa na baiskeli ya Wilson, karani wa duka la nguo. Aliichukua nje ya duka bila ruhusa, na gurudumu la mbele lilikuwa limepinda.

Nabwire na mumewe walikwenda kituoni.

"Huyu ni mtoto ama mtu mzima?" askari aliuliza.

Wanyonyi alinyoosha mgongo. "Mtoto gani? Huyu ametahiriwa, na hakupepesa jicho. Andika mwanaume."

Askari akaandika. Kisha akamgeukia Khisa. "Wewe, uliichukua ya nini?"

Khisa alikaza midomo, akatazama ukuta. Basi akafungiwa pamoja na watu wazima, angoje kesi ya Jumatatu. Nabwire na mumewe walirudi nyumbani bila yeye.

Jumapili, baada ya kanisa, alimwendea Stephen Murunga. Murunga alikuwa afisa wa probesheni. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea na kuwaongoza watu ambao mahakama imewaacha nyumbani badala ya kuwafunga. Alikuja hadi kambini.

"Mzee Wanyonyi," alisema, "ukimwita mwanaume, atafungwa kama mwanaume. Atakaa na wezi waliokomaa, na watamfundisha kazi yao."

"Wewe unataka nisimame mbele ya watu niseme mwanangu hajatahiriwa?"

"Hapana, Mzee. Kisu ni mambo ya nyumbani. Sheria inahesabu miaka tu. Kesi ya mtoto husikilizwa kando, mzazi akiwapo, na hakimu anaweza kumrudisha nyumbani aangaliwe. Khisa ana miaka mingapi?"

Wanyonyi alimgeukia mkewe. Hakuwa amewahi kuihesabu.

"Nilimzaa mwaka vijana wetu walipopelekwa Abisinia kupigana na Waitaliano," Nabwire alisema. "Kaka yangu aliniaga nikiwa na mimba kubwa."

Murunga alihesabu. "Basi ni kumi na minne."

"Na bado analala mdomo wazi," Nabwire akaongeza.

"Wenzake wa rika watamcheka," Wanyonyi alisema.

"Wamcheke akiwa nyumbani, Baba Khisa."

Jumatatu Wanyonyi alisimama mahakamani, kofia mkononi. "Bwana hakimu, mimi nilisema vibaya. Huyu ni mtoto wangu. Ana miaka kumi na minne."

Kesi ilihamishiwa chumba kidogo, bila watazamaji. Hakimu naye aliuliza, "Uliichukua ya nini?" Khisa akatazama ukuta tena. Nabwire alitamani amtikise. Hata hivyo Murunga alimwombea, na hakimu akakubali Khisa arudi nyumbani, aendelee na shule, na kwa mwaka mmoja Murunga amwangalie. Tena amsaidie Wilson kutengeneza gurudumu.

Ah, Jumamosi za mwaka ule. Murunga alikuja kunywa chai ya maziwa mengi, na Khisa alimsomea kitabu kwa sauti. Wilson alianza kwa kununa. Mwishowe alimwachia Khisa baiskeli aisafishe, yeye mwenyewe akaingia dukani bila kugeuka kumchunga.

Mwaka ulipokwisha, Murunga alileta habari. Alikuwa amepata nafasi ya chuo kikuu ng'ambo.

"Unakwenda kusomea nini?" Wanyonyi aliuliza.

"Kwa nini vijana huingia makosani, Mzee, na sheria iwatendeeje ili wanyooke."

"Kumbe watu husomea utundu? Huyu wangu angekuwa profesa."

Walimsindikiza hadi stesheni. Garimoshi lilikuwa linapuliza mvuke, na Nabwire alimpa mayai ya kuchemsha ya njiani. Murunga alimshika Khisa bega.

"Huko wataniuliza kwa nini watoto hukosa. Sababu yako mwenyewe sijui hadi leo. Uliichukua ya nini?"

Khisa alimtazama baba yake. Wanyonyi aliinamisha kichwa, kama kusema, sema.

"Nilitaka kuteremka nayo mpaka mtoni, nisikie upepo, halafu nirudishe," Khisa alisema. "Lakini baba alikuwa ameshasema mimi ni mwanaume. Ningesemaje mbele yake kwamba nilikuwa nacheza?"